Pua ya Mwenyekiti

Pale kwa dobi tulipofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Taratibu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kikapu cha nguo kikiburutwa sakafuni, alisema, "Taratibu, jamani." Mlango ukibamizwa, "Taratibu." Hata boila ya kuchemshia maji ilipoanza kunguruma asubuhi, ile ile aliyoisikia ikinguruma mwaka nenda mwaka rudi, aliweka kiganja kifuani na kuishauri ipunguze hasira. Alikuwa mpiga pasi bora kuliko wote. Shati lililotoka kwenye meza yake halikuwa na kunyanzi hata chini ya kola, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nadhani hakufanya hivyo kwa kupenda sifa. Aliogopa kwamba siku moja mtu angetazama.

Aliogopa mengi. Radi, mbwa hata akiwa amefungwa, barua yenye mhuri, swali lolote alilotupiwa mbele ya watu. Lakini viwili vilizidi vyote. Kwanza, ndege anayepapatika. Alipokuwa mtoto, kuku aliyekuwa akikimbizwa alimrukia kichwani, kucha zikanasa kwenye nywele zake, na mpaka watu wazima walipomnasua alikuwa amezimia. Pili, mama mkwe wake. Na riziki yake ikawa kuishi nyumba moja na vyote viwili, kwa kuwa mama mkwe alikuwa na ndege.

Yule mama alikuwa amestaafu kazi ya usafi wa wodi hospitalini. Hakuwa mtu wa kelele. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza: alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kile kidole, kisha akakutazama wewe. Mwanawe, mume wa Taratibu, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani alionekana kama mgeni mwenye begi. Basi wanawake wale wawili walikaa peke yao, pamoja na Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa kasuku mdogo, wale wanaofugwa kwenye tundu la nyaya, kijani kifuani, manjano kichwani, hazidi urefu wa kiganja. Mama mkwe alimnunua mwaka aliofiwa na mumewe. Alipewa cheo hicho kwa sababu alikalia kijiti cha juu kabisa, na asubuhi hakuna aliyepata nafasi ya kusema kabla yake. Alijua maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "Karibu," na hilo aliwapa wageni. La pili alimwekea Taratibu, kila jioni alipofungua mlango akitoka kazini: "Umechelewa!"

"Ndiye mwanamume pekee anayekaa nyumbani kwangu," mama mkwe alipenda kuwaambia majirani. "Na ndiye pekee anayesikiliza mpaka mwisho."

Kwamba ni mwanamume, hilo halikuwa na mjadala. Muuza ndege ndivyo alivyosema siku ya kumuuza, na ndege mwenyewe alikuwa msemaji, na watu wanaamini kwamba wasemaji ni madume. Tena mama mkwe alimtunza kama alivyotunza wodi. Mara moja kila wiki alimshika kwa mkono wa kushoto, akachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la mafuta, akamfuta ile ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu mawili ya pua. Palikuwa na tabia ya kuota ukoko wa kahawia pale, na yeye aliutoa wote, hadi ngozi ikabaki nyeupe yenye kivuli cha buluu. Taratibu wakati huo alisimama mlangoni, mgongo ukutani.

Ndipo mama mkwe akatakiwa kupasuliwa mtoto wa jicho. Alikwenda mji mwingine kwa binti yake mkubwa, akae huko mpaka jicho lipone. Kabla ya kuondoka alitoa maagizo akiwa amesimama katikati ya sebule na mkoba begani.

"Mbegu kijiko kimoja asubuhi, basi. Asinenepe. Jua likizama mfunike, alale. Na pua, usisahau pua. Ukiacha ukoko uzibe, atakosa pumzi afe, na mimi sitakuwa na la kukuambia."

Taratibu aliniambia kwamba maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyomwondolea usingizi. Afadhali angeahidiwa matusi.

Basi akaanza kumlea Mwenyekiti kwa hofu. Aliogopa asife njaa, akamwekea mbegu kikombe kizima, na asubuhi yai la kuchemsha lililopondwa. Aliogopa gizani atashtuka, akaacha kumfunika, na taa ya sebuleni ikawaka hadi yeye mwenyewe alipokwenda kulala, na siku nyingine ikakesha. Aliogopa baridi, akamwekea ndani ya tundu kiboksi cha majani ya chai, alichokitoboa mlango kwa mkasi. Vyote hivyo aliviingiza kwa kutumia koleo la jikoni, mkono wake usivuke mlango wa tundu. Pua hakuigusa. Kila wiki alichemsha maji, akatayarisha pamba, akasimama mbele ya tundu, Mwenyekiti akatikisa mbawa mara moja tu, na maji yakapoa.

Kila siku jua likielekea kuzama, simu ililia.

"Mpe," mama mkwe alisema, bila salamu ndefu.

Taratibu alisogeza simu kwenye nyaya. Upande wa pili sauti ililainika kwa namna ambayo yeye hakuwahi kulainishiwa. "Mwenyekiti! Mwenyekiti wangu! Nani anakusumbua huko?" Na Mwenyekiti akajibu, "Umechelewa!" na mama mkwe akacheka hadi akakohoa.

Lakini kadiri majuma yalivyokwenda, pua ile ikaanza kubadilika. Kwanza kivuli cha buluu kilipotea. Kisha ukaja ukoko, kahawia, mnene, wa kukwaruza kama chini ya sufuria iliyoungua. Ndege naye akabadilika tabia. Alichana magazeti ya sakafu ya tundu hadi yakawa nyuzi. Aliuma lile koleo. Aliingia kwenye kiboksi cha chai na kukaa humo. Choo chake, kilichokuwa kidogo kama punje, kikawa kikubwa na chenye maji. Taratibu aliyatazama hayo yote akayajumlisha kwa njia moja tu: nimemwacha pua ikaziba, sasa anakufa.

Hakumwambia mtu. Alikuja kazini, akapiga pasi, na siku moja, kwa mara ya kwanza, nilimwona ameunguza shuka.

Jioni ile simu ikalia.

"Mpe."

Akasogeza simu. Mwenyekiti alikuwa kwenye kijiti cha chini, amejitutumua manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi, macho nusu wazi.

"Mwenyekiti? ... Mwenyekiti! Mbona hasemi?"

"Amelala, mama."

"Amelala? Jua si bado linawaka?"

"Leo alicheza sana, mama. Amechoka."

"Alicheza na nani? Na wewe? Pua unamsafisha?"

"Ndiyo, mama."

"Kila wiki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hujui kusafisha. Kesho msafishe tena, toa ukoko wote, hata akipiga kelele. Na akinyamaza tena, niambie, nitakuja hivi hivi na bandeji yangu."

Asubuhi Taratibu alimkuta Mwenyekiti ameketi sakafuni mwa tundu, miguu imetanuka, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Alikuja nalo lile tundu kazini, limefungwa shuka, amelishika kwa mikono yote miwili mbali na mwili. Mimi nilikuwa kaunta nikipokea nguo. Aliliweka juu ya mzigo wa mapazia akasema, "Dada, nimemuua ndege wa mama mkwe."

Nilifunua shuka. "Hajafa. Anapumua."

"Bado hajafa," alisema. "Dada, twende wote. Peke yangu sitafika."

Fundi Mashine, anayeshughulikia mashine zetu za kufulia, alichungulia kutoka nyuma. "Nendeni, kaunta nitaikalia. Mteja akija nimwambie nini?"

"Mwambie tumekwenda hospitali."

"Ya nani?"

"Ya Mwenyekiti," nikasema.

"Ah, hiyo hata meneja ataiheshimu."

Muuza ndege alikuwa mwanamke mwenye kibanda nyuma ya soko, mbegu kwenye magunia, matundu juu hadi darini, na sauti ya mtu wa mnada. Alimtambua mara moja.

"Huyu si wa yule mama wa hospitali? Mwenyekiti! Habari za kikao?"

Mwenyekiti hakujibu. Yule mwanamke akaacha kucheka, akavuta kiti karibu na mwanga.

"Amekaa chini tangu lini?"

"Nimemkuta hivi asubuhi," Taratibu alisema. "Jana alijitutumua. Ni pua, dada yangu. Niliambiwa nimsafishe pua, sikumsafisha, imeziba. Nimekuja na pamba." Na kweli akatoa pamba kwenye mkoba, imefungwa kwenye mfuko safi. "Wewe unajua kumshika. Msafishe basi, apumue."

"Usiiguse hiyo pua!" Sauti ilitoka kwa nguvu hata ndege wote wa kibandani wakanyamaza. "Hapo ndipo ninapotaka kusoma. Ngoja kwanza. Nani amekuwa akiisafisha?"

"Mama. Kila wiki. Tangu amnunue."

"Lahaula." Akajipiga paja. "Mtu anafuta, anafuta, anafuta kile ambacho kingemwambia. Sikilizeni. Kuna mambo mawili, na hayafanani. Dume mzima pua yake ni buluu, nyororo, inang'aa. Dume akizeeka na pua ikageuka kahawia, mara nyingi ana uvimbe tumboni, kwenye mambo yake ya kiume. Hapo mimi sina dawa. Utamrudisha nyumbani, umkalishe mahali pazuri, umsubiri. Lakini kama huyu ni jike, pua ya kahawia ni ya kawaida kabisa, ndiyo jike anayetaka kutaga. Na kukaa kwake chini hivi maana yake yai limekwama, na muda tunaousimamia hapa tunamwibia yeye."

"Ni dume," Taratibu alisema. Sauti yake ilikuwa karibu haisikiki. "Wewe mwenyewe ulimwambia mama ni dume."

"Nilimwambia, sikatai. Alikuwa mtoto. Watoto wao pua zinafanana, waridi kidogo, buluu kidogo, mtu unabahatisha. Mama yako alitaka dume wa kusema, na mimi nilitaka kufunga duka. Kesi hiyo utanishtaki baadaye. Mshike tumtazame."

Taratibu alirudi nyuma hadi akagonga gunia. Muuza ndege akamtazama, akanitazama mimi, kisha akamtoa ndege mwenyewe, shingo katikati ya vidole viwili, mgongo kiganjani. Mwenyekiti alihema kwa mdomo wazi. Yule mwanamke akapuliza manyoya ya tumbo yakagawanyika, na chini, karibu na mkia, tuliona ngozi imevimba. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Kuna kitu kigumu," alisema. "Lakini uvimbe nao huwa mgumu. Sitakudanganya."

Nilisikia Taratibu akivuta pumzi asiirudishe.

Muuza ndege akageuza kichwa cha ndege kwenye mwanga, huku na huku, kwa muda mrefu. "Dume aliyegeuka, buluu hubaki pembeni, kama rangi ya zamani ukutani. Hapa siioni hata chembe. Na ukoko huu umeota safu kwa safu, mkavu, mzima. Anachana karatasi?"

"Anachana mpaka nyuzi."

"Anauma?"

"Anauma koleo."

"Koleo!" Akataka kucheka, akaahirisha. "Choo?"

"Kikubwa. Kama cha... kikubwa sana. Nilidhani tumbo limeharibika."

"Majike wanabana choo wakikaribia kutaga, kikija kinakuja kizima. Amepata mahali pa kujificha?"

"Nilimwekea kiboksi."

"Chakula?"

"Kikombe kizima. Na yai."

"Taa?"

"Naiacha inawaka. Asiogope."

Muuza ndege alitikisa kichwa polepole. "Chakula tele, mwanga mrefu, chumba cha giza. Bibie, umemfungulia wodi ya wazazi. Huyu ni jike. Ningekuwa na uhakika wote, lakini nilikosea kwa ndege huyu huyu mara moja, kwa hiyo nasema hivi: tumtibu kama jike, kwa sababu akiwa dume hatutampotezea kitu."

"Na yai bila dume?" nikauliza.

"Kuku wako anaomba ruhusa ya jogoo?"

Taratibu hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Lile yai nimelisababisha mimi."

"Ni wewe, ndiyo. Na wa kulitoa ni wewe pia. Sikiliza. Joto, tena joto lenye mvuke, lisilomchoma. Tone la mafuta ya kupikia pale chini, kwa pamba yako hiyo. Ganda la yai la kuku lililosagwa unga, ulichanganye na maji, umtone mdomoni. Na usimbane tumbo. Yai likivunjikia ndani, hakuna atakayemponya. Na mshikaji awe wewe. Mimi nimemshika mara moja tu, unaona anavyohema? Mkono mgeni peke yake unaweza kumuua. Wako anaujua."

"Haujui," Taratibu alisema. "Sijawahi."

"Basi anaijua sauti yako."

Nilimpigia daktari wa mifugo palepale. Alikuwa mashambani akichanja ng'ombe. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza maswali yaleyale, akasema muuza ndege kafanya sawasawa, joto na mvuke ndiyo ya kwanza. Kama hadi alasiri yai halijatoka, tumletee popote atakapokuwa, ajaribu yeye, ila njia ni ndefu na hakutoa ahadi.

Joto lenye mvuke sisi tulikuwa nalo. Chumba cha pasi kiko ukuta mmoja na boila, kuta zake hutoka jasho, na ukikaa humo nusu saa nguo yako inajinyoosha yenyewe. Tuliliweka tundu juu ya rafu ya mataulo, tukalifunika upande mmoja. Taratibu alifungua pasi yake ya mvuke akaiweka mbali kidogo, ikawa inapumua kuelekea kule.

Meneja aliingia akitafuta shuka za hoteli. Akasimama. "Nini hicho?"

"Mteja, bosi," Fundi Mashine alisema. "Kaleta koti la kijani, lina doa gumu."

Meneja alimtazama Mwenyekiti, akamtazama Taratibu aliyekuwa mweupe midomo, akafikiria. "Asitue kwenye shuka," alisema, akatoka na kufunga mlango kwa upole, jambo ambalo hatukumzoea.

Asubuhi ikaisha. Mwenyekiti hakupanda wala hakulala. Alikaa palepale, mkia ukipiga, na mara kwa mara mwili wote ulikaza, macho yakafumba, kisha ukalegea bila kitu. Taratibu alipiga pasi huku akigeuka kila mara, na kila alipogeuka aliuliza kitu kilekile: "Anapumua?" Mimi nilijibu anapumua. Kazi za kaunta nilizifanya mbio nikarudi.

Mchana ulipopinda, Mwenyekiti alikaza tena, akaanguka ubavu.

Fundi Mashine ndiye aliyekuwa karibu. Akafungua mlango wa tundu akaingiza mkono wake mkubwa wenye harufu ya grisi, na ndege, aliyekuwa hana nguvu hata ya kusimama, akapapatika kwa woga, akagonga nyaya, akabaki ameduwaa na mdomo wazi.

"Toa mkono!" Taratibu alisema. "Toa, toa, toa!"

Fundi akautoa kana kwamba ameunguzwa. Sote tukamtazama Taratibu.

Aliikausha mikono kwenye gauni lake la kazi, mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuwa akilia bila sauti. Akaingiza mkono wa kulia kwenye tundu, nikauona unatetemeka hadi bangili ikagonga nyaya, na alipofika kwa ndege akafumba macho. Kisha akayafumbua, nadhani kwa sababu aliona kufumba ni kubaya zaidi. Vidole vikamfunika.

"Yuko moto," alisema kwa mshangao. "Dada, moyo wake. Unakwenda kuliko wangu."

"Mlete karibu na mvuke."

Alimleta. Mimi nikachovya pamba kwenye mafuta, nikapaka pale chini, na kwa kijiti cha kiberiti nikamtonea maji ya ganda mdomoni, nusu yakamwagika. Ndege alikaza ndani ya kiganja chake. Taratibu alikaza pia, shingo, taya, kila kitu isipokuwa mkono ule. Sijapata kuona mkono uliotulia vile kwenye mwili uliotetemeka vile.

"Nikimbana?"

"Humbani."

"Nikimwangusha?"

"Humwangushi."

"Nitazimia, dada. Nasikia masikio yanafunga."

"Zimia baadaye," Fundi Mashine alisema kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mwenyekiti alikaza mara nyingine, ndefu kuliko zote, akatoa sauti nyembamba kama mlango wa kabati. Na pale kati ya vidole vya Taratibu kikaonekana kitu cheupe. Kikasimama. Boila ikanguruma ukutani. Kisha kikateleza kikatua kiganjani mwake, cheupe, chenye unyevu, kikubwa kama ncha ya kidole gumba, na ndege akalegea kabisa.

"Amekufa," Taratibu alisema.

"Hajafa. Tazama kifua."

Kifua kilikwenda. Tulimrudisha kwenye mataulo, na baada ya kitambo akainuka, akayumba, akasimama kwa miguu miwili. Taratibu alikaa sakafuni na lile yai mkononi, akatapika kwenye kikapu cha soksi.

Jioni nilikwenda naye hadi kwake, maana hakutaka kuwa peke yake simu itakapolia. Ililia tukiwa bado mlangoni.

"Mpe."

"Mama," Taratibu alisema. Alinishika mkono. "Mama, Mwenyekiti ametaga."

Sauti ya upande wa pili niliisikia mwenyewe. "Ametaga nini?"

"Yai, mama."



"Yuko hai?"

"Yuko hai. Lilikwama. Alikuwa karibu kufa, mama, na jana hakuwa amelala, nilikudanganya. Na pua sikuisafisha hata mara moja. Naogopa kumshika. Nilimpa chakula kingi, nikaacha taa, ndiyo maana." Aliyatoa yote kwa pumzi moja, kisha akaongeza lile la muuza ndege: kwamba ule ukoko haukuwa uchafu, ulikuwa alama ya jike, na kama ungefutwa asubuhi ile, muuza ndege asingekuwa na cha kusoma.

Nilitegemea kimya kile chake cha kidole na kabati. Lakini sauti iliyokuja ilikuwa ndogo, ya mwanamke mzee.

"Nilikuwa nikimsugua," alisema. "Miaka yote hii. Alipiga kelele, mimi nikasema anadeka. Nilikuwa nikimwumiza?"

Taratibu alinitazama. Hakuwahi kuulizwa swali la aina ile katika nyumba ile.

"Sidhani, mama. Ni ngozi inayobanduka. Ulitumia maji ya uvuguvugu."

"Lakini alipiga kelele."

"Ndiyo, mama. Alipiga."

Mama mkwe akauliza kama yamekwisha, na hapo Taratibu ilimbidi aseme kile alichokuwa akikiogopa tangu kibandani: hayajakwisha. Anayeanza kutaga hutoa yai moja, akapumzika siku, akatoa lingine, hata manne au matano. Taa sasa imezimwa, kiboksi kimeondolewa, chakula kimepunguzwa, lakini la pili liko njiani, hakuna wa kulizuia.

"Kesho kutwa," mama mkwe alisema.

"Kesho kutwa, mama."

"Naja."

Alikuja kesho yake kwa basi, jicho moja limefungwa bandeji na lingine halioni mbali. Siku ya pili yake Taratibu aliomba ruhusa kazini. Yaliyofuata alinisimulia yeye, na baadaye mama mkwe alinisimulia vilevile, bila kupunguza sehemu yake.

Walikaa sebuleni, viti vimesogezwa hadi magoti yakagusana, tundu juu ya stuli mbele yao, beseni la maji ya moto chini yake. Mwenyekiti alikuwa ameketi sakafuni mwa tundu tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amenyoosha shingo, lakini alichokiona ni doa la kijani tu.

"Anafanya nini sasa?"

"Amekaa, mama."

"Mkia?"

"Unapanda na kushuka."

"Haraka au polepole?"

"Katikati."

"Katikati ndiyo nini? Sema vizuri." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti nyingine, "Sema vizuri, mwanangu. Mimi sioni, na usiponiambia naona mabaya matupu."

Basi Taratibu akamwambia. Alimwambia macho yako vipi, mbawa ziko vipi, sasa anakaza, sasa amelegea, sasa ameinamisha kichwa. Alikuwa na hofu hadi magoti yakagonga ya mwenzake, na magoti ya mwenzake yakamgonga yeye, na kila mmoja akaona aibu kuyataja ya mwenziwe. Ndege alipoyumba, mama mkwe aliisikia ile pumzi iliyokatika kando yake.

"Nini? Ameanguka?"

"Ameyumba."

"Mshike! Mimi nitampondaponda, mkono wangu hauoni. Mshike wewe."

Taratibu akafungua mlango wa tundu. Akaingiza mkono, bila koleo. Akamwinua Mwenyekiti akamshusha juu ya mvuke wa beseni, na mama mkwe akanyoosha vidole viwili gizani mwake hadi vikapata kifundo cha mkono wa mkwewe, vikakaa hapo.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Na wewe?"

"Naogopa."

"Hilo najua, nalisikia mpaka kwenye mfupa. Nimekuuliza unapumua?"

"Napumua."

"Haya. Endelea kuniambia."

"Anakaza. Amefumba macho. Bado. Bado, mama. Kuna cheupe. Kinakuja... kimesimama... kinakuja." Akanyamaza, na vidole vya mama mkwe vikambana. "Limetoka. Limetoka, mama, liko mkononi mwangu, halijavunjika."

"Na yeye?"

Taratibu alisubiri kwanza, alitaka kuwa na hakika. Akahesabu pumzi za ndege kwa kidole gumba.

"Naye yupo," alisema.